Kollam, mji wa India unaobangua korosho usizozilima

Gunia la korosho ghafi lenye kilo 80, likiwa zuri, hutoa ratili 50 za korosho karanga (kiini kinacholiwa), yaani kilo 22 na ushei. Kinachobaki ni ganda, ngozi nyembamba ya ndani na unyevu. Kwa hiyo ukipakia kontena la ghafi bandarini Mtwara ukalipeleka ng'ambo, zaidi ya theluthi mbili ya nauli unayolipa ni nauli ya maganda. Mwenye kalamu na karatasi atasema biashara hiyo haina akili: bangua hapa hapa, safirisha karanga tupu. Na bado, tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, korosho za Afrika Mashariki zimekuwa zikivuka Bahari ya Hindi na maganda yake. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya mzigo huo ilikuwa ikielekea mji mmoja.

Mji huo ni Kollam, katika jimbo la Kerala, kama kilomita 70 kaskazini mwa Thiruvananthapuram. Mkulima wa Newala au Tandahimba huambiwa tu kwamba mzigo wake umenunuliwa na Wahindi. India ni nchi kubwa mno kuwa jibu. Wenyewe hawana mikorosho ya kutosha pale Kollam. Ipo michache kwenye vilima vya udongo mwekundu, lakini majimbo ya India yanayoongoza kwa kilimo cha korosho ni Maharashtra, Andhra Pradesh na Odisha, yote mbali na hapo. Goa wanakamua mabibo, matunda ya mkorosho, na kutengeneza kinywaji kiitwacho feni, na kusini mwa Tanzania watu wana uraka na nipa yao; Kollam haina mabibo ya kusumbuka nayo, maana kinachofika pale ni mbegu kavu ndani ya magunia. Hata hivyo baraza la India la kukuza uuzaji wa korosho nje, lililoundwa mwaka 1955, makao yake yako Kollam, na mji wenyewe hujiita makao makuu ya korosho duniani. Ulifikaje hapo? Na kwa nini sasa mamia ya viwanda vyake vimefungwa? Majibu ya maswali haya mawili yamefungamana, na yanatugusa.

Bandari kabla ya korosho

Kollam ni mji mkongwe kiasi kwamba Wamalayali, wenyeji wa Kerala, wanahesabu miaka kwa jina lake: kalenda yao, Kollavarsham, inaanzia mwaka 825 wa Kalenda ya Kizungu. Kuna mabamba ya shaba ya mwaka 849, ambayo mtawala wa hapo aliwapa Wakristo wa mji ardhi na haki za biashara. Mashahidi wa hati hiyo walitia sahihi kwa maandishi ya Kiarabu, ya Kipahlavi cha Uajemi na ya Kiebrania. Hati moja, sahihi za maandishi matatu ya wageni. Miaka miwili baadaye, katika taarifa za mfanyabiashara Sulaiman wa mwaka 851, Kollam inatajwa kama kituo cha meli zilizotoka Muscat kwenda China, na meli za Kichina zililipishwa ushuru hapo.

Marco Polo aliutaja. Ibn Battuta, yule yule aliyeshuka Kilwa mwaka 1331, alipita pia Kollam miaka kadhaa baadaye na kuusifu kuwa kati ya miji mizuri ya Malabar, wenye wafanyabiashara matajiri na Waislamu wenye heshima zao. Papa aliupa askofu mwaka 1329. Wareno walikuja mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya pilipili manga, wakajenga ngome Thangassery, magofu yake yapo mpaka leo karibu na mnara wa taa wa mwaka 1902. Waholanzi wakawafukuza Wareno mwaka 1661, kisha Waingereza wakaja kwa zamu yao.

Waandishi wa mji huo wanapenda kuchora mstari mmoja ulionyooka kutoka pilipili manga hadi korosho, kana kwamba Kollam ilizaliwa ikiwa soko la dunia na haijaacha kuwa hivyo. Siamini. Kufikia mwaka 1900 bandari ya Kollam ilikuwa imeachwa nyuma na Kochi, na mzigo mkubwa wa siku hizo ulikuwa kamba za makumbi. Leo ghafi za kutoka Afrika hazishukii hata Kollam; makontena hushushwa Kochi au Tuticorin, katika jimbo jirani la Tamil Nadu, kisha malori yanamalizia safari. Korosho haikuufuata mji kwa sababu ya bahari yake.

Urithi mmoja wa Wareno ndio uliodumu: mti wenyewe. Mkorosho ni wa Brazil. Wareno waliuleta pwani ya magharibi ya India na pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Kwa karne kadhaa pande zote mbili ziliula kienyeji tu, kwa kuchoma kwenye moto wa nje.

Ganda lenye hasira

Ili kuelewa Kollam, lazima kwanza uelewe ganda la korosho, kwa sababu kila kitu kimejengwa kulizunguka hilo. Ganda lina tabaka mbili, na katikati yake kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia yaliyojaa asidi ya anakadi na kardoli. Mafuta hayo hubabua ngozi. Aliyewahi kuchoma korosho nyumbani anajua yanavyolipuka na moshi wake unavyochoma macho. Ndani ya ganda hilo kali kuna karanga laini, iliyopinda, inayovunjika kirahisi, imevikwa ngozi nyembamba iliyoganda kama gundi. Nzima inalipa zaidi sana kuliko iliyovunjika. Hapo ndipo ugumu ulipo: kupasua kitu kigumu bila kuvunja kitu laini kilichomo, wakati sura ya kila mbegu ni tofauti na ya mwenzake. Mashine nyingi za karne ya 20 zilishindwa kazi hiyo. Mikono iliiweza.

Soko la Marekani lilifunguka miaka ya 1920. Tatizo la kwanza lilikuwa wadudu waliokula karanga melini, likatatuliwa kwa kuzifunga ndani ya madebe yaliyoondolewa hewa na kujazwa gesi ya kaboni dioksidi. Kuanzia hapo, aliyeweza kupata mikono mingi, stadi na ya bei ndogo, ndiye aliyekuwa na biashara. Kollam ilikuwa nayo. Vijiji vya kuzunguka mji vilijaa familia zisizo na ardhi, ambazo wanawake wake walikuwa wakiishi kwa vibarua vya mpunga na kusokota makumbi, kazi za msimu zisizotosha. Ziwa la Ashtamudi na mifereji yake vilibeba mzigo kwa mashua, na reli ya kwenda upande wa Watamil ilikuwa imefunguliwa mwaka 1904. Viwanda vikaota Kilikollur, Kundara, Kottarakkara na kwingineko. Katika miaka ya 1930 korosho za India zilikuwa hazitoshi tena, na ghafi za Afrika Mashariki zikaanza kuingia kwa wingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wanaume walikaanga mbegu kwenye pipa la chuma linalozunguka juu ya moto mpaka mafuta ya ganda yashike moto na ganda liwe rahisi kupasuka. Wanawake wakachuchumaa sakafuni, mbele yao jiwe, mkononi nyundo ya mti, mikono imepakwa majivu au mafuta ya nyonyo kuikinga. Pigo moja au mawili, ganda linafunguka, karanga inatoka nzima. Kisha karanga zikaushwe kwenye tanuri ili ngozi ilegee, wanawake wengine waimenye kwa vidole au kisu kidogo, na wengine wapange madaraja kwa macho. Madaraja hayo ndiyo yanayotumika sokoni mpaka leo: W320 ni nzima nyeupe ambazo ratili moja huingia kati ya 300 na 320, W180 ni kubwa zaidi na ghali zaidi, chini yake kuna zilizoungua kidogo, nusu, na vipande vya kila saizi.

Zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi walikuwa wanawake na bado ni hivyo. Lakini hawakuwa kundi moja. Kubangua, kazi chafu yenye mafuta yanayobabua, kulifanywa hasa na wanawake wa matabaka ya chini kabisa katika mpangilio wa Kihindu. Kumenya na kupanga madaraja, kazi safi ya kukaa mahali penye mwanga, kulikuwa kwa wanawake wa matabaka ya juu yake. Wanaume walikaanga, wakapima na kusimamia, na walilipwa kwa siku au kwa mwezi. Wabanguaji na wamenyaji walilipwa kwa kilo. Malipo ya kwa kilo yana hila yake: siku mbegu zikiwa mbovu au zimekaangwa vibaya, hasara ni ya mwanamke mwenye nyundo, si ya mwenye kiwanda.

Wanawake hao hawakukaa kimya. Kollam ni mji wa vyama vya wafanyakazi, na vya mrengo wa kushoto vina mizizi mirefu pale. Migomo ilileta kima cha chini cha mshahara, bima ya afya ya wafanyakazi, kiinua mgongo. Wenye viwanda walijibu kwa namna mbili: kupeleka mbegu majumbani zikabanguliwe kwa malipo ya chini nje ya macho ya sheria, au kuhamishia viwanda ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Kanyakumari katika Tamil Nadu, ambako mishahara ilikuwa midogo. Serikali ya Kerala nayo ikaunda shirika lake la korosho mwaka 1969, ikachukua viwanda vilivyotelekezwa. Mpaka leo shirika hilo lina viwanda 30. Wapo wanaoliona kama mzigo kwa hazina ya jimbo, na hasara zake si siri. Ila mwanamke wa miaka 55 ambaye mwili wake umezoea kuchuchumaa hana kazi nyingine inayomngoja.

Fedha za korosho zilijenga mji. Thangal Kunju Musaliar, aliyepanda kutoka umaskini hadi kuwa mwajiri mkubwa wa wabanguaji, alianzisha chuo cha uhandisi mwaka 1958 kinachobeba jina lake hadi leo. K. Ravindranathan Nair, tajiri mwingine wa korosho, alifadhili filamu za Kimalayalamu ambazo hakuna mfanyabiashara mwenye akili ya faida angezigusa, na akachangia maktaba ya umma ya mji. Ni sifa njema. Nyuma ya kila rupia yake kulikuwa na wanawake wanaopimiwa kilo.

Kalenda ndiyo inayotawala

Sasa turudi kwenye swali la maganda melini. Watu wengi hudhani Kollam inanunua ghafi zetu kwa sababu sisi hatuna mashine. Hiyo ni sehemu ndogo ya jibu. Tanzania ilijengewa viwanda 12 vya korosho kati ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1980, vingine kwa mitambo ya Kiitaliano, vingine ya Kijapani, na mkopo wa Benki ya Dunia. Karibu vyote vilisimama. Mashine zilikuwepo, mengine ndiyo yaliyokosekana.

Angalia misimu. India huvuna kati ya Februari na Mei. Côte d'Ivoire, Ghana, Benin, Nigeria na Guinea-Bissau nazo huvuna karibu wakati huo huo, kusogea hadi Juni. Ikweta ikivukwa, mambo yanageuka: korosho za Tanzania huanza kuingia maghalani Oktoba, Msumbiji ikifuata nyuma kidogo. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka, wakati ghafi za Afrika Magharibi zimeshakaa miezi kadhaa kwenye magunia na nyingine zimeshapoteza ubora, Mtwara na Lindi ndizo zenye mbegu mbichi ya msimu. Zikipimwa, mara nyingi zinatoa ratili nyingi kwa gunia kuliko za Magharibi. Ndiyo maana zinagombewa.

Kiwanda cha Kollam hutumia kalenda hiyo kama ngazi. Kinanunua kidogo Machi, kidogo Mei, kidogo tena Novemba, kila mara cha kutosha wiki au miezi michache, kinauza karanga, kinalipa benki, kinanunua tena. Sasa chukua kiwanda kilichoko Mtwara chenye uwezo wa kubangua tani 5,000 kwa mwaka. Msimu wa karibu yake ni mmoja tu, na mnada ukiisha umeisha. Kikitaka kufanya kazi miezi 12, lazima kinunue ghafi zote ndani ya miezi mitatu hivi. Mwezi Oktoba 2024 bei kwenye minada ya kwanza ya kusini ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Zidisha: shilingi bilioni 20, taslimu, ndani ya siku chache baada ya kila mnada, kwa mzigo ambao karanga za mwisho zitauzwa karibu mwaka mmoja baadaye. Riba inakimbia muda wote huo. Bei ya dunia ya karanga ikishuka katikati, kiwanda kimekwama na ghafi ghali. Kuagiza ghafi za Ghana zije kubanguliwa Mtwara katika miezi mikavu kunawezekana kwenye karatasi, ila nauli, ushuru na taratibu za afya ya mimea hufanya wengi wasijaribu.

Jambo la pili ambalo halisemwi sana ni vipande. Kiwanda chochote huvunja sehemu ya korosho zake, na kiwanda kipya chenye wafanyakazi wapya huvunja zaidi. Ulaya na Marekani wanataka nzima. Vipande vinaenda wapi? Kwa mwenye kiwanda wa Kollam jibu liko nje ya mlango: India ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote duniani, na mapishi yake yanakula vipande kwa furaha. Vinasagwa kwenye mchuzi mzito, vinatiwa kwenye pilau na biriani, vinageuzwa kuwa kashata za korosho ziitwazo kaju katli ambazo hakuna Diwali wala harusi inayokamilika bila hizo. Diwali huangukia Oktoba au Novemba, soko la nyumbani linapanda, na kiwanda kinajua kila kipande kina mteja. Tanzania inalima korosho nyingi lakini inakula kidogo. Mpaka tuwe na mtu wa kununua vipande vyetu kwa bei ya maana, tutakuwa tunabangua tukiwa na hasara ndani ya kila gunia. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko mashine.

Wao wakikohoa, sisi tunaugua, na kinyume chake

Uhusiano huu haukuwa wa upande mmoja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000, kiasi ambacho hakikufikiwa tena kwa zaidi ya miongo mitatu. Kisha yakaja kwa pamoja: kuhamishiwa vijijini kulikowaacha wakulima mbali na mikorosho yao, bei ndogo iliyofika kwa kuchelewa, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi kama tani 16,000. Msumbiji, iliyokuwa juu zaidi, nayo ilianguka kwa vita. Kollam ilihisi mara moja. Tangu mwaka 1970 serikali ya India ilikuwa imeweka uagizaji wote wa ghafi mikononi mwa shirika moja la umma, likitarajia kugawa mzigo wa Afrika kwa viwanda. Mzigo ukakosekana. Wanawake waliokuwa na kazi sehemu kubwa ya mwaka wakabaki na siku chache tu, na hapo ndipo India ilipoanza kwa nguvu kupanda mikorosho yake na kuzitafuta nchi za Afrika Magharibi.

Miaka ya 1990 kisu kiligeuka. Benki ya Dunia iliishinikiza Msumbiji kupunguza ushuru wa kusafirisha ghafi, kwa hoja kwamba ushuru huo unamnyima mkulima bei nzuri. Ghafi zikatoka kwenda India. Viwanda vya Msumbiji vikafungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya wafanyakazi, wanawake wengi, wakaachishwa. Kazi waliyokuwa wakifanya Nampula ilihamia kwa wanawake wengine wa India waliokuwa wakilipwa kwa kilo. Mkulima wa Msumbiji aliongezewa kidogo tu. Wanunuzi wa kati walichukua sehemu nene. Kenya ilijaribu njia ya kinyume na kupiga marufuku kusafirisha ghafi mwaka 2009, lakini mikorosho ya pwani ilikuwa imezeeka na kiwanda kikuu cha Kilifi kilikuwa kimeshaanguka zamani. Marufuku peke yake haikurudisha zao. Tanzania yenyewe ilirudi kwa salfa ya kupulizia ubwiriunga, miche bora ya kituo cha utafiti cha Naliendele, na kuanzia 2007 mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka mzigo ghalani ukauzwe mnadani, uliolalamikiwa sana lakini uliobana kangomba, yaani ulanguzi wa korosho nje ya mfumo. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 300,000.

Mwaka uliofuata, 2018, bei zikaporomoka, wakulima wakagoma kuuza, na Rais John Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe. Mzigo ukakaa maghalani. Jambo lililodhihirika wakati ule ni kwamba uwezo wa ndani wa kubangua ulikuwa tone ndani ya tani hizo.

Vietnam, na nyundo iliyonyamazishwa

Kilichoiangusha Kollam si Afrika, ni Vietnam. Wavietnam waliingia kwenye biashara hii wakiwa wamechelewa, na kwa hiyo hawakuwa na cha kuhifadhi. Waliacha kukaanga, wakapika mbegu kwa mvuke, wakatengeneza mashine za kukata ganda na za kumenya kwa hewa, wakaziboresha mwaka hadi mwaka wakikubali kuvunja kiasi ili kupata kasi. Kufikia 2006 hivi waliipita India katika kuuza karanga nje. Leo wanauza hata mashine zenyewe, zikiwemo zinazofungwa Afrika.

Kollam ilichelewa kubadilika, kwa sababu mbili zinazopingana. Wenye viwanda walitegemea mikono ya bei nafuu na hawakuona haja ya mashine. Vyama vya wafanyakazi viliona kila mashine ni wanawake hamsini nje ya lango. Wote walikuwa na hoja. Katikati ya miaka ya 2010 kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, bei ya ghafi ikapanda, serikali kuu ya India ikaweka ushuru wa asilimia 5 kwa ghafi zinazoingia na kuupunguza hadi asilimia 2.5 mwaka 2018, na benki zikaanza kuwashika wadaiwa. Mamia ya viwanda vya binafsi yalifungwa. Majengo yenye vibao vya benki langoni yakawa sehemu ya mandhari ya barabara ya Kundara. Mwaka 2017 Kerala iliunda bodi yake ya kununua ghafi moja kwa moja Afrika ili kuvilisha viwanda vya serikali, na waziri wa korosho wa wakati huo, J. Mercykutty Amma, alikuwa ametoka ndani ya vyama vya wafanyakazi wa korosho wa Kollam.

Kwa mfanyakazi, tofauti kati ya kiwanda kilichofungwa na kilicho wazi si kubwa sana. Stahili za bima hutegemea siku alizochangiwa, na kiwanda kinachofunguliwa siku chache kwa mwezi hakitoshi kumfikisha. Mabinti zao hawamo viwandani. Kerala imesomesha wasichana wake kuliko sehemu nyingi za India. Ni wauguzi, makarani, au wako Dubai na Muscat wakituma fedha nyumbani. Wabanguaji waliobaki ni wa umri mkubwa, na baadhi ya viwanda vimeanza kutegemea vibarua kutoka majimbo ya mashariki mwa India. Kollam iliyoingia kwenye korosho kwa sababu ya wanawake wasio na njia nyingine imewapa watoto wao njia nyingine. Sioni hilo kama kushindwa.

Isidhaniwe kwamba mji umekufa. Neendakara, pale Ashtamudi inapofungukia bahari, ni bandari kubwa ya uvuvi iliyochipuka kutokana na mradi wa Norway na India wa miaka ya 1950. Chaza wadogo wa ziwa hilo walikuwa uvuvi wa kwanza nchini India kupata cheti cha kimataifa cha uvuvi endelevu, mwaka 2014, baada ya wavuvi kukubali kuacha kuvua msimu wa kuzaliana. Kaskazini kidogo, Chavara, mchanga wa ufukweni ni mweusi kwa madini ya titani, na una toriamu ya kutosha kuufanya mwambao huo kuwa kati ya sehemu zenye mionzi ya asili ya juu zaidi duniani zinazokaliwa na watu. Kuhusu mchanga huo kuna ugomvi mrefu wa kampuni za serikali na wavuvi ambao unahitaji makala yake.

Kwa korosho, nafasi inazidi kubana. Benin ilipiga marufuku kusafirisha ghafi kuanzia Aprili 2024 na inabangua katika eneo lake la viwanda la Glo-Djigbé. Côte d'Ivoire, mzalishaji mkubwa kuliko wote, inaongeza viwanda kila mwaka, vingine vikiwa na mameneja Wahindi waliojifunza kazi Kerala. Tanzania imetenga eneo la Maranje, mkoani Mtwara, kwa kongani ya viwanda vya korosho, na minada imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa. Mwenye kiwanda wa Kollam anayefungua mfumo huo Novemba anashindana na Mvietnam mwenye mashine nyingi zaidi, na pengine hivi karibuni na jirani wa Maranje asiyelipa nauli ya maganda. Ghafi za Odisha na Andhra Pradesh zipo, lakini majimbo hayo nayo yana viwanda vyake, na mishahara yao ni midogo kuliko ya Kerala.